Pointi Zianzie Wodini

Kati ya mwaka 2015-16 na mwaka 2022, tafiti za kitaifa za demografia na afya zinaonyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hiyo ni hatua kubwa, na wauguzi wana haki ya kujivunia. Lakini ukiwaangalia peke yao wale wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tarakimu ilikuwa 25 ikawa 24. Yaani karibu haikusogea. Chanjo, vyandarua na dawa mseto za malaria zimefika hadi zahanati za Majita na Kibara, na zimechangia sana kuwalinda watoto waliokwisha kuvuka siku za mwanzo. Mtoto anayezaliwa bila kulia, au anayezaliwa na kilo moja na nusu, hawezi kuokolewa na chandarua. Anaokolewa na muuguzi aliye zamu usiku ule, na anachokijua muuguzi huyo saa ileile. Kwa sababu hiyo nataka kuzungumza na wauguzi wanaohudumia watoto Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kuhusu jambo linalochukuliwa kama la makaratasi tu: pointi za mafunzo endelevu zinazohitajika ili leseni ihuishwe.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kusajiliwa na kuwa na leseni hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na mafunzo endelevu ni sehemu ya masharti ya kuihuisha leseni hiyo. Wengi huikumbuka siku ya mwisho inapokaribia. Hapo simu huanza kupigwa huku na huku: kuna semina wapi, ya siku ngapi, inatoa pointi ngapi? Mada haiulizwi. Ukifanya hivyo leseni utaipata, hilo silikatai. Ninachosema ni kwamba umeanza mwishoni. Anza na watoto unaowalaza na kuwapokea, ujifunze kile ambacho ugonjwa wao unakudai, ujifunze kidogo kidogo na mara kwa mara palepale kazini, kisha ndipo uhakikishe kwamba kujifunza huko kunahesabiwa. Pointi zitakuja, na mtoto atakuwa amefaidika kabla yako.

Suala hili linamgusa muuguzi wa watoto kuliko wengine kwa sababu ya namna tunavyoupata uuguzi huo. Marekani muuguzi anaweza kufanya mtihani wa bodi, akapewa cheti cha uuguzi wa watoto, na cheti hicho akatakiwa kukihuisha kila mwaka kwa masomo ya fani hiyohiyo. Kwetu wauguzi wengi walio kwenye wodi za watoto wana cheti, stashahada au shahada ya uuguzi na ukunga kwa ujumla. Chuoni walipita wodi ya watoto kwa wiki kadhaa, wakaajiriwa, wakapangiwa huko. Umahiri wao wa kumhudumia mtoto waliupata baada ya kuhitimu, kwa kufanya kazi na kuelekezwa. Basi kama umahiri wenyewe umejengwa na mafunzo ya kazini, mafunzo hayo yakikatika hakuna kingine kinachoushikilia.

Kuna anayeamini kuwa alichofundishwa vizuri chuoni kinatosha, na kwamba miaka 15 wodini imemwongezea mengine. Uzoefu ni mali, hasa kwenye kutambua mtoto anayezidiwa kabla kipimo hakijasema. Ila miaka haiwezi kukuambia kwamba dozi imebadilika. Chukua malaria kali, ambayo kanda ya ziwa inaijua vizuri. Kwa miongo mingi tiba ilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika kwa watoto 5,425, Muheza na Korogwe zikiwemo: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Mwaka 2015 likaubadili tena, safari hii dozi: mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, badala ya 2.4 za awali, kwa kuwa mwili wa mtoto mdogo huiondoa dawa haraka zaidi.

Tazama mabadiliko hayo yanavyoonekana kwenye trei ya dawa. Mtoto ana kilo 10. Kwa hesabu ya zamani angepata miligramu 24. Kwa hesabu ya sasa ni 30. Chupa ya miligramu 60 inachanganywa kwanza na bikaboneti yake mililita 1. Ukitaka kuchoma kwenye mshipa unaongeza salaini mililita 5, kila mililita inakuwa na miligramu 10, kwa hiyo unavuta mililita 3. Ukitaka kuchoma kwenye msuli unaongeza salaini mililita 2 tu, kila mililita inakuwa na miligramu 20, unavuta moja na nusu. Anayechanganya kwa njia ya msuli akavuta kwa hesabu ya mshipa amempa mtoto dozi mara mbili. Aliyefanya kinyume chake amempa nusu. Mambo haya hayahitaji akili ya pekee. Yanahitaji kurudiwa mpaka mkono uyazoee, na karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani juu ya meza ya dawa, iwe ya mwongozo wa sasa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kwa muda mrefu ilifundishwa kuwa mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani mikono na miguu ya baridi, damu inayochelewa kurudi kwenye ngozi ukiibonyeza, mapigo dhaifu, amiminiwe maji haraka kwenye mshipa. Ilionekana ni jambo lililo wazi. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa Teule ya Muheza, uliwalinganisha watoto waliomiminiwa maji haraka na wale waliopewa maji ya kawaida tu ya kuendeleza mwili. Katika saa 48 za kwanza walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya wengine. Tiba iliyoaminika ilikuwa inaongeza vifo. Miongozo ikabadilishwa. Na hapa aliyesoma habari nusu anaweza kudhuru kwa upande mwingine, kwa sababu utafiti ule haukuhusu watoto waliokauka maji kwa kuharisha. Hao bado wanayahitaji maji, na wanayahitaji haraka. Muuguzi aliyehitimu mwaka 2005 asisikie habari hizi, na yule aliyezisikia kwa juujuu kwenye kundi la WhatsApp, wote wawili wako hatarini kumdhuru mtoto kwa nia njema kabisa.

Kwa watoto njiti ni hivyohivyo. Tuliambiwa mtoto mdogo atulie kwanza kwenye mashine ya joto, kisha ndipo awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kumweka kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie, kulipunguza vifo kwa robo miongoni mwa watoto wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Bila shaka ilihitaji wodi ambamo mama na mtoto wanalazwa pamoja na wauguzi wanaojua kumwangalia mtoto akiwa kifuani. Hata hivyo wodi nyingi zinaweza kuanza na kiti cha kuegemea, kanga mbili na muuguzi asiyemfukuza mama.

Kama elimu inachakaa kwa kasi hiyo, tatizo linalofuata ni namna ya kuipata upya. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana wenzetu wa Manyara wametupa jibu. Katika Hospitali ya Haydom, iliyo kijijini kama hospitali zetu nyingi, watafiti waliwafundisha wahudumu kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere, ambu na barakoa. Miezi saba baadaye wakawapima. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali. Mbele ya mtoto halisi, kwenye chumba cha kujifungulia, utendaji haukubadilika. Walikuwa wanajua, cheti wanacho, na mtoto hakunufaika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na kwa maoni yangu kila anayepanga semina za afya angepaswa kuyasoma kabla hajakodi ukumbi.

Haydom hawakukata tamaa. Walibadili mtindo: mwanasesere akawekwa karibu na chumba cha kujifungulia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki wakiwa kazini, pamoja na mazoezi ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Hospitali ni ileile. Ni hospitali hiyohiyo iliyoonyesha mapema zaidi kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto asiyepumua huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Ukiliunganisha hilo na mazoezi ya kila wiki utaona kwa nini yalifanya kazi: hakuna anayetafuta ilipo ambu, hakuna anayejiuliza barakoa ya namba ngapi, na shingo ya mtoto haikunjwi kupita kiasi. Mazoezi ya aina hii baadaye yaliingizwa katika mpango mkubwa uliohusisha vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mkoa wa Mara haumo katika orodha hiyo, lakini hakuna kinachotuzuia kujifunza kutoka Mwanza iliyo mwendo wa saa chache kwa barabara.

Basi muuguzi afanyeje? Ningeanza na daftari la wodi. Kaa na muuguzi mfawidhi wako, mfungue rejesta ya miezi mitatu iliyopita, muangalie watoto walilazwa kwa nini, walifariki kwa nini na saa ngapi tangu wafike, na nani walipewa rufaa wakiwa katika hali gani. Bunda, penye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, huenda mtakuta ajali na majeraha yanawakabili kuliko mlivyodhani. Katika zahanati ya Butiama inayotegemea gari la wagonjwa litoke mbali, huenda kinachoumiza ni saa zinazopotea kabla mtoto mwenye degedege hajapewa dawa ya kwanza. Hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, inapokea waliozidiwa wa wote hao. Kila kituo kitapata majibu yake, na majibu hayo ndiyo mtaala wenu wa mwaka. Mada tatu au nne zinatosha. Mkiziandika 12 hamtazimaliza.

Kuna mada moja ambayo kwa mkoa huu ningeisisitiza hata kama rejesta haisemi sana, nayo ni selimundu. Watafiti walipopima sampuli zaidi ya 17,000 za matone makavu ya damu ya watoto kutoka mikoa ya kaskazini magharibi, Mara ikiwemo, walikuta mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, na asilimia 1.2 wanaugua. Zidisha hiyo asilimia 1.2 kwa watoto wanaozaliwa kwenye kituo chako kwa mwaka mmoja, kisha ulinganishe na idadi ya watoto wenye selimundu mnaowahudumia kliniki. Pengo utakaloliona linawahusu watoto wanaoandikwa kila mara kuwa na malaria, upungufu wa damu au nimonia, wakitibiwa kila mmoja kwa tukio lake, bila mtu kuuliza kwa nini vidole vilivimba akiwa na miezi minane. Muuguzi aliyejifunza kuuliza swali hilo, kuwafundisha wazazi kupapasa bandama na kuitambua homa ya hatari, na kufuatilia dawa ya haidroksiyurea pale inapopatikana, amefanya jambo ambalo daktari anayepita raundi mara moja kwa siku hawezi kulifanya peke yake.

Baada ya kuchagua mada, wekeni muda. Makabidhiano ya zamu ya asubuhi ni wakati mzuri kwa sababu zamu mbili zinakutana. Dakika tano: Jumatatu mmoja anashika ambu, wengine wanamwangalia na kumsahihisha, wiki inayofuata mnahesabu artesunate kwa watoto watatu wa uzito tofauti, inayofuata mnapima hesabu ya pumzi kwa dakika nzima, na kuitafuta alama ya mbavu kuingia ndani. Aandikwe aliyefundisha, walioshiriki, mada na tarehe. Kisha mara moja kwa mwezi mkae na daktari wa watoto au tabibu kupitia kifo kimoja au mtoto mmoja aliyenusurika, bila kutafuta wa kumlaumu.

Najua jibu la kwanza litakuwa ni uchache wa watu. Muuguzi mmoja, zamu ya usiku, watoto wengi kuliko vitanda, wengine wawili wawili. Sitalipuuza, kwa maana ni kweli na ni wajibu wa mwajiri kuajiri. Lakini uchache huohuo ndio unaoifanya semina ya siku tano kuwa ghali: anapoondoka mmoja kwa wiki nzima, wodi inabaki na pengo. Mazoezi ya dakika tano hayamtoi mtu wodini. Tena palipo na watu wachache kila mmoja anahitajika kuwa tayari zaidi, maana hakuna wa kumwita.

Jibu la pili ni posho, na tulizungumze waziwazi. Kwa muuguzi mwenye mshahara mdogo na ada za watoto, posho ya semina ni sehemu ya maisha, na si haki kumsema vibaya anayeitegemea. Anayelipwa kwenda semina aende. Ubaya unaanza pale ambapo posho ndiyo inayochagua mada, au pale ambapo kisicho na posho kinaonekana si mafunzo. Viongozi wa wilaya nao wana nafasi yao: fedha ya semina moja ya ukumbini inaweza kununua wanasesere wa mazoezi kwa vituo kadhaa, na wakadumu miaka.

Tatu, kuna hoja yenye nguvu kweli: kama mazoezi ya wodini hayatoi pointi, je, muuguzi hatapoteza leseni huku akiwa amejifunza? Anaweza, asipokuwa makini. Pointi hutokana na mafunzo yanayotambuliwa na Baraza, kwa hiyo mpango wa wodi usianze kienyeji ukategemea huruma baadaye. Mfawidhi au mratibu wa mafunzo wa hospitali auandike: malengo, mada, muda, wakufunzi, namna ya kupima. Kisha aupeleke kwa ajili ya kutambuliwa kabla ya kipindi cha kwanza, akipitia kwa muuguzi mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kituo kidogo kinaweza kujiunga na mpango wa hospitali kubwa kuliko kuanzisha wake. Chama cha Wauguzi Tanzania kina matawi mikoani, na hili ndilo jambo la kukidai kisaidie. Usome pia mwongozo wa sasa wa Baraza wewe mwenyewe, ujue kada yako inatakiwa pointi ngapi na lini. Usitegemee alichokumbuka mwenzako tangu alipohuisha yeye. Kila cheti kipige picha siku hiyohiyo na ukiingize kwenye mfumo. Karatasi hupotea, na mitandao huzidiwa wiki ya mwisho.

Inasemekana pia kwamba kuhamahama kunaua ari: leo uko wodi ya watoto, mwezi ujao upo ya wanaume. Malalamiko hayo ni halali, na mganga mfawidhi angefanya vizuri kuwaacha wauguzi wachache wenye mwelekeo wa watoto wakae hapo kwa miaka. Lakini katika vituo vyetu mtoto hakai wodi ya watoto tu. Anapokelewa mapokezi, anazaliwa leba, anarudi kliniki. Aliyejifunza kumpulizia mtoto hewa ataihitaji stadi hiyo popote atakapopangwa.

Linabaki suala la heshima. Muuguzi wa miaka 50 kusahihishwa namna ya kushika barakoa na binti aliyemaliza chuo mwaka jana si jambo jepesi katika jamii yetu, na binti mwenyewe ataona haya. Njia ninayoiona inafaa ni mkubwa kuanza. Mfawidhi awe wa kwanza kushika ambu mbele ya wote, aseme mwenyewe nisahihisheni, na binti apewe kusoma kwa sauti kipengele cha mwongozo, ili kinachosahihisha kiwe ni kitabu. Mama huyo naye ana cha kufundisha ambacho hakimo kitabuni: namna ya kumtuliza mama anayelia, namna ya kupata mshipa kwa mtoto aliyekonda, namna ya kumtambua mtoto aliyenyamaza kwa kuchoka na aliyenyamaza kwa kupona. Dakika hizo pia ziandikwe kwenye daftari la mafunzo kwa jina lake.

Kama leseni yako inaisha mwaka huu na pointi hazijatimia, tafuta mafunzo yanayotambuliwa uyakamilishe sasa, ukichagua ya watoto kila inapowezekana. Wakati huohuo zungumza na mfawidhi kuhusu mpango wa mwaka ujao kabla bajeti ya hospitali haijafungwa, na uende na rejesta mkononi. Kabla ya zamu yako inayofuata, ingia leba uichukue ambu ya mtoto mchanga: bonyeza huku umeziba mdomo wa ambu kwa kiganja, usikilize kama hewa inavuja, uangalie kama barakoa namba 0 na namba 1 zote zipo.